Kilio cha usalama kinapofika Bungeni: kazi ya kaunti, kazi ya polisi na kazi yako



Karibu katika kila kikao cha umma ambacho afisi yetu ya mawasiliano huhudhuria ili kunakili maoni ya wananchi, kuna mtu anayesubiri hadi mwisho ndipo anyanyue mkono. Kikao chenyewe huenda kimeitwa kujadili bajeti, au barabara, au zahanati. Mtu huyu mara nyingi ni mama anayeuza sokoni au kijana wa bodaboda, na swali lake halimo katika ajenda: “Gavana atatuletea polisi lini?”

Siku hizi swali hilo huja na mwenzake: “Mbunge wetu alisimama Bungeni akalisema jambo hili, tukamwona kwenye runinga tukashangilia. Mbona huku kwetu hakuna kilichobadilika?”

Maswali haya mawili ni ya haki, na majibu ya haraka hayamsaidii anayeuliza. Ukimwambia mtu aliyeporwa jana usiku kwamba “hiyo si kazi ya kaunti”, umesema kweli lakini umemwacha pale pale alipokuwa. Katika toleo hili tumeamua kueleza kwa kirefu: nani anawajibika kwa lipi katika usalama wa kijiji chako, malalamiko hufikaje Bungeni, Bunge linaweza na haliwezi kufanya nini, na wewe ufanye nini ili sauti yako isipotee njiani.

Polisi ni wa nani?

Katiba ya 2010 iligawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti 47. Mgawanyo huo umo katika Jedwali la Nne. Huduma za polisi ziliwekwa upande wa Serikali ya Kitaifa, pamoja na ulinzi wa nchi na mahakama. Kwa hiyo serikali ya kaunti haiajiri polisi, hailipi mishahara yao, haiwahamishi wala haiwapangii zamu.

Polisi wote wako chini ya Huduma ya Taifa ya Polisi, inayoongozwa na Inspekta Jenerali. Uajiri, kupandishwa vyeo na nidhamu ni kazi ya Tume ya Huduma kwa Polisi. Wakenya walichagua mpangilio huu kwa sababu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilichunguza yaliyotokea na kueleza mwaka 2008 jinsi polisi walivyoshindwa, na katika visa vingine kushiriki, katika maovu yaliyowapata wananchi. Eneo letu la Magharibi lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Katiba iliyofuata ikaweka ukuta kati ya polisi na wanasiasa.

Ukuta huo umo katika Kifungu cha 245. Waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, tena kwa maandishi. Lakini hakuna mtu, awe waziri, gavana, mbunge au mwakilishi wadi, anayeweza kumwagiza achunguze kosa fulani au aache kulichunguza, amkamate au amwachilie mtu fulani, wala ampandishe cheo au amfute kazi afisa fulani.

Jambo hili hukera pale unapotaka kiongozi wako aamuru mwizi unayemjua akamatwe leo. Lakini fikiria upande wa pili. Kiongozi mwenye uwezo wa kuamuru mwizi akamatwe ana uwezo pia wa kuamuru wewe ukamatwe kwa kumpinga.

Kilicho mikononi mwa kaunti

Kusema kwamba polisi si wa kaunti hakumaanishi kaunti haina la kufanya. Jedwali hilo hilo la Nne linaipa kaunti kazi ambazo zinagusa usalama wako kila siku: taa za barabarani, barabara za kaunti, masoko, leseni za pombe, huduma za zimamoto, kukabiliana na majanga, na hospitali za kaunti.

Taa ni mfano ulio wazi zaidi. Wananchi wenyewe ndio walioupa mlingoti mrefu wa taa sokoni jina la “mulika mwizi”, na jina limekaa. Mulika mwizi ikizimika, kosa si la polisi. Ni letu. Ukiona taa imelala wiki nzima, piga ripoti kwa msimamizi wa wadi yako au afisi ya kaunti ndogo, utaje soko na mahali mlingoti uliposimama. Vivyo hivyo baa inayouza pombe nje ya saa zilizowekwa au karibu na shule: leseni yake inatoka kwa kaunti, na lalamiko lako lina nafasi katika kamati inayotoa leseni hizo.

Usalama pia si wezi peke yao. Tarehe 3 Februari 2020, watoto 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipoteza maisha yao katika mkanyagano walipokuwa wakitoka darasani jioni. Katika saa zile chache serikali zote mbili zilihitajika kwa pamoja: hospitali ya kaunti kupokea majeruhi na miili, polisi kufanya uchunguzi, na wizara ya elimu kujibu kuhusu jengo na ngazi zake. Mzazi aliyekuwa amesimama langoni mwa hospitali usiku ule hakuwa na haja ya kujua Jedwali la Nne linasema nini. Alihitaji kila mwenye kazi awe kazini. Ndiyo maana ni vyema mgawanyo wa kazi ueleweke mapema, kabla ya siku ya msiba.

Tofautisha pia kati ya polisi na askari wa kaunti. Askari wa kaunti husimamia sheria ndogo za kaunti, kama vile maegesho, usafi na utaratibu wa masoko. Hana kituo cha polisi, hana seli, na hachunguzi wizi au mauaji.

Jambo hufikaje Bungeni?

Kakamega ina maeneobunge 12: Lugari, Likuyani, Malava, Lurambi, Navakholo, Mumias Magharibi, Mumias Mashariki, Matungu, Butere, Khwisero, Shinyalu na Ikolomani. Ukiongeza Mwakilishi wa Wanawake na Seneta, tuna wajumbe 14 waliochaguliwa kwa kura zetu katika mabunge mawili ya Nairobi. Kifungu cha 95 cha Katiba kinalitaka Bunge la Taifa kujadili na kutatua masuala yanayowahusu wananchi. Kifungu cha 96 kinaipa Seneti kazi ya kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yao.

Mjumbe anapotaka kulisema jambo la usalama, ana njia kadhaa.

Ya kwanza ni kuomba taarifa. Mbunge au Seneta husimama na kuitaka kamati inayohusika itafute majibu kuhusu jambo mahususi. Katika Bunge la Taifa, masuala ya polisi huenda kwa kamati inayosimamia utawala na usalama wa ndani. Katika Seneti, huenda kwa Kamati ya Usalama wa Taifa, Ulinzi na Mahusiano ya Kigeni. Kamati huiandikia wizara, wizara huwauliza polisi, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo hadi kwa aliyeuliza.

Ya pili ni swali kwa waziri. Kifungu cha 153 kinamlazimu waziri kufika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au Seneti anapoitwa, na kujibu maswali kuhusu wizara yake. Kifungu cha 125 kinaipa kila kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au alete stakabadhi.

Ya tatu ni hoja ya dharura, ambapo mjumbe humwomba Spika shughuli za kawaida zisimamishwe ili jambo zito la wakati huo lijadiliwe.

Ya nne ni ombi la wananchi wenyewe, ambalo tutalieleza zaidi hapa chini, kwa sababu hilo halihitaji kumsubiri mbunge.

Bunge linaweza nini, haliwezi nini

Hapa ndipo matumaini mengi huvunjika, kwa hiyo tuseme wazi.

Bunge haliwezi kumwagiza Inspekta Jenerali amkamate mtu fulani. Haliwezi kumhamisha OCS wa kituo chenu. Mbunge anaposimama na kusema “namtaka afisa huyu aondoke kesho”, maneno yake yana uzito wa kisiasa, lakini si amri.

Linachoweza ni mambo mengine makubwa. Bunge la Taifa hupitisha bajeti ambamo fedha za magari, mafuta na vituo vya polisi hutoka. Hutunga na kurekebisha sheria za polisi. Linaweza kumweka waziri kitini na kumuuliza ni lini kituo kilichoahidiwa kitajengwa. Na jambo ambalo wengi hulisahau: kila neno linalosemwa humo huandikwa katika Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Ahadi ya waziri iliyomo kwenye Hansard haiwezi kukanwa kirahisi. Bunge la Taifa lina hata Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia kama maazimio ya Bunge na ahadi za Serikali zimetimizwa.

Basi mbona “hakuna kilichobadilika”? Mara nyingi ni kwa sababu sisi sote tulisherehekea siku ya swali, tukasahau kuuliza kuhusu siku ya jibu. Swali huonekana kwenye runinga. Jibu huja wiki kadhaa baadaye, kwa maandishi, katika chumba cha kamati, na hakuna anayelipigia makofi. Ukimwona mbunge wako mazishini au kwenye harambee, usimuulize tu, “Ulisema?” Muulize, “Ulijibiwa nini, na ahadi ni ya lini?”

Tuseme pikipiki tatu zimeibwa

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme katika kijiji kimoja pikipiki tatu zimeibwa ndani ya wiki mbili, na kijana mmoja aliyekuwa akiendesha amekatwa kwa panga. Mbunge anasimama na kusema, “Usalama umezorota katika eneo langu, watu wangu wanateseka.” Waziri anatafuta jibu kwa polisi. Polisi wanafungua kitabu chao na kukuta kisa kimoja tu kimeandikishwa, kwa sababu wale wengine wawili walikata tamaa hata kabla ya kwenda kituoni. Jibu linalorudi Bungeni ni kwamba hali ya usalama katika eneo hilo ni shwari, na kisa kilichoripotiwa kinachunguzwa.

Jibu hilo litawaudhi wanakijiji, nao watasema Serikali inadanganya. Lakini ukilitazama vizuri, limetokana na karatasi ambazo wanakijiji wenyewe hawakuziandika.

Sasa geuza mfano huo. Wote watatu wameandikisha ripoti, na mbunge anasimama akiwa na tarehe tatu, nambari tatu za OB na jina la kituo. Anauliza: ni hatua gani imechukuliwa katika kila kisa? Kituo hicho kina gari? Gari hilo lina mafuta? Doria hupita barabara hiyo saa ngapi? Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa neno “shwari”.

Ndiyo sababu tunasema sauti ya Bunge huanzia kwenye meza ya kituo cha polisi. OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio. Unaporipoti kisa, hakikisha kimeandikwa humo, na uondoke na nambari yako. Kuandikisha ripoti hakulipiwi. Fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari mtu anapojeruhiwa, hutolewa bure. Dhamana ya polisi pia haina malipo ya chini ya meza. Ukidaiwa “ya chai” au “ya mafuta”, andika jina au nambari ya huduma ya afisa, tarehe na saa.

Funzo la Matungu

Wakazi wa Matungu hawahitaji mfano wa kubuni. Mwaka 2019 eneo hilo, pamoja na sehemu za jirani upande wa Mumias, lilikumbwa na mfululizo wa mauaji ya usiku yaliyohusishwa na genge lililojulikana kama 42 Brothers. Familia zilizika watu wao, na jirani akaanza kumshuku jirani. Kilio kile kilitoka kwenye mazishi na mabaraza kikafika kwa viongozi wa kitaifa, wakuu wa usalama wakalazimika kulielekeza jicho lao Matungu, na polisi wakaongezwa.

Tunalitaja jambo hilo kwa heshima ya waliofiwa, na kwa sababu lina mafunzo mawili ambayo hatupaswi kuyasahau.

La kwanza ni kwamba genge haliibuki siku moja. Kabla ya mauaji huwa kuna kuku walioibwa, kisha ng'ombe, kisha mlango uliovunjwa. Huwa kuna vijana ambao kila mtu kijijini anajua wanalala mchana na kutembea usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Visa vidogo visipoandikwa, hakuna mchoro unaomwonyesha mkuu wa polisi kwamba jambo linakua.

La pili ni kwamba watu walijua mambo lakini waliogopa kusema. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mtu anayedhani kwamba jina lake litavuja kutoka kituoni hadi kwa genge kabla jua halijatua, atanyamaza. Polisi hawawezi kudai habari kutoka kwa wananchi bila kuwalinda wanaozitoa. Hilo ni jambo ambalo wajumbe wetu wanapaswa kuliuliza Bungeni kila mara, hata wakati ambapo hakuna maiti barabarani: mtoa habari analindwa vipi?

Meza ambayo sheria imetuwekea hapa nyumbani

Kuna chombo ambacho wakazi wengi hawajakisikia, nacho kiko karibu kuliko Nairobi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika sehemu ya 41, inasema kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Hapo ndipo gavana, au mjumbe wa baraza lake la mawaziri atakayemteua, anapoketi meza moja na wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi wa kaunti, wawakilishi kutoka Bunge la Kaunti, na wananchi wa kawaida wakiwemo wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na viongozi wa dini.

Kazi ya mamlaka hii si kuamuru polisi. Ni kupendekeza vipaumbele vya usalama vya kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kukuza ushirikiano wa polisi na jamii, kupokea ripoti kutoka kwa kamati za polisi jamii, na kuwapa wananchi jukwaa la kusema. Katika kaunti nyingi nchini chombo hiki kilichelewa kushika kasi, kwa sababu ya mivutano kati ya ngazi mbili za serikali kuhusu nani aongoze nini. Sheria yenyewe, hata hivyo, iko wazi, na mwananchi ana haki ya kumuuliza gavana, Kamishna wa Kaunti na mwakilishi wadi wake: mamlaka hii imekutana lini, na ilijadili nini?

Chini yake kuna kamati za polisi jamii, na mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa na Serikali ya Kitaifa mwaka 2013. Mzee wa mtaa, yule tunayemwita liguru, na chifu na naibu wake, wote wako upande wa utawala wa Serikali ya Kitaifa. Baraza la chifu si mahali pa kupiga makofi tu. Likiandika kumbukumbu vizuri, yaani tarehe, kisa, nani alitumwa kufanya nini, kumbukumbu hiyo inaweza kupanda hadi kwa naibu kamishna, na pia ikakusaidia kuandika ombi lako kwa Bunge.

Jinsi ya kuandika ombi kwa Bunge

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Huhitaji kuwa wakili. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa maombi kwa Bunge inataka mambo yafuatayo:

1. Liandikwe kwa mkono, kwa taipu au kwa kompyuta, kwa Kiswahili au Kiingereza. Ndiyo, Kiswahili kinatosha kabisa.

2. Litumie lugha ya heshima. Hasira yako ina haki, lakini matusi yatalirudisha ombi mlangoni.

3. Lisiwe na maneno yaliyofutwa-futwa au kuchomekwa juu ya mistari. Kama lina zaidi ya ukurasa mmoja, kila ukurasa utaje jambo linalohusika.

4. Lieleze ni juhudi gani zimeshafanywa kulitatua jambo hilo, mliandikia afisi gani, na mlijibiwa nini au hamkujibiwa. Hapa ndipo nambari za OB na kumbukumbu za baraza zinapokuwa na faida.

5. Liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la.

6. Limalizike kwa kutaja wazi mnachotaka Bunge lifanye. “Tusaidiwe” haitoshi. “Tunaomba Bunge lichunguze kwa nini kituo cha polisi cha eneo letu hakina gari, na lipendekeze hatua” ni ombi.

7. Liwe na majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi za waombaji. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba.

Ombi linaweza kupelekwa moja kwa moja kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti, au mbunge au Seneta akaliwasilisha kwa niaba yenu. Likikubaliwa hupelekwa kwa kamati, na kamati inaweza kuwaita waombaji wajieleze. Bakini na nakala. Anayelipeleka aandike tarehe na nani alilipokea.

Kwa mambo ambayo ni ya kaunti, kama taa, soko au leseni za pombe, ombi kama hilo hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti hapa Kakamega, na mwakilishi wadi wako anaweza kulisukuma.

Afisa wa polisi akikukosea

Usalama una pande mbili. Tunawahitaji polisi, na wengi wao hufanya kazi ngumu usiku tukiwa tumelala. Lakini sare si ruhusa ya kuumiza watu, na kulisema hilo si kuwachukia polisi.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na watu wako, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikimalizikia siku au wakati ambao mahakama haiketi, utafikishwa siku ya mahakama inayofuata.

Afisa akikuumiza, akikudai hongo, akikataa kuandika ripoti yako, au mtu wako akifia mikononi mwa polisi, una mahali pa kwenda nje ya kituo hicho. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, maarufu kama IPOA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na si sehemu ya polisi. Kifo au jeraha baya linaloshukiwa kusababishwa na polisi ni lazima lichunguzwe nayo, na ikipata ushahidi hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. IPOA ina afisi hapa mjini Kakamega, kwa hiyo huhitaji nauli ya Nairobi. Polisi nao wana kitengo chao cha ndani kinachopokea malalamiko dhidi ya maafisa.

Kata ukurasa huu, ubandike ukutani

Dharura ya polisi: 999 au 112.
Malalamiko dhidi ya polisi, IPOA: 1559.
Dhuluma dhidi ya watoto: 116.
Dhuluma za kijinsia: 1195.

Aliyebakwa au kunajisiwa afikishwe hospitalini mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufanya kazi ndani ya muda huo tu. Asioge na asifue nguo alizokuwa amevaa; zifungwe kwa karatasi, si kwa mfuko wa plastiki. Matibabu yasisubiri nambari ya OB. Hospitali kwanza, kituo baadaye.

Mwisho

Turudi kwa yule mama aliyenyanyua mkono mwishoni mwa kikao. Jibu kamili la swali lake ni hili: gavana hawezi kumletea polisi, lakini anaweza kumwashia taa, kukaa meza moja na wakuu wa polisi na kuwaeleza hali ya soko lake. Mbunge hawezi kumkamatia mwizi, lakini anaweza kumlazimisha waziri aseme kwa nini kituo hakina gari, na maneno hayo yakaandikwa. Polisi wana wajibu wa kumlinda na kuandika anachosema. Na yeye mwenyewe, akiondoka kituoni na nambari ya OB mkononi, amewapa wote hao kitu ambacho hawawezi kukipuuza kirahisi.

Kikao kijacho cha umma katika wadi yako, usisubiri hadi mwisho. Njoo na tarehe, njoo na nambari, na unyanyue mkono mapema.